Nyeupe Pe, Nyeusi Ti: Katika Njia ya Merikani na Kaniki

Duka la tatu ndilo lililokuwa na kaniki. Katika maduka mawili ya mwanzo, pale Darajani mjini Unguja, nilioneshwa vitenge, kanga za msimu na madira yenye nakshi za kumeta, mpaka nikaona haya kurudia kwamba mimi nataka kitambaa kisicho na ua wala mstari. Mwenye duka la tatu, mzee wa ndevu nyeupe, alinitazama kidogo kabla hajainuka.

"Dada, una mgonjwa?"

Nikamwambia sina.

"Basi kaniki ya nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Siku hizi anayeifuata kaniki mara nyingi ametumwa na mganga: kipande cheusi, kipande cheupe, kipande chekundu, na ubani juu yake. Mzee aliinama chini ya meza akaitoa, imekunjwa vizuri, nzito, nyeusi iliyokaribia buluu pale mwanga wa mlango ulipoigusa. Ilinipaka rangi vidoleni. Bibi mmoja aliyekuwa akichagua kanga pembeni alisogea akaishika pindo.

"Hii ndiyo nguo ya bibi zetu, mwanangu," akasema. "Ila walioivaa hawakupenda kukumbushwa."

Nilikwenda Darajani kwa sababu ya neno. Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikutana na sentensi inayogoma mahali pale pale: mwandishi anataka kusema kwamba sauti fulani, au rangi fulani, inakwenda vile vile mwanzo hadi mwisho bila badiliko. Lugha nyingine zina jina la jambo hilo. Kiswahili kinampa namba: moja. Rangi moja, sauti moja, namna moja. Lakini ukisema watu wamejibu kwa sauti moja umewasifu, umesema wameafikiana. Wanawake wakivaa rangi moja harusini tunasema wamevaa sare, na watoto wawili wakikutana na nguo zinazofanana hupigiana kelele za furaha: sare sare maua! Lawama haimo. Tukitaka kulaumu tunahamia kwa msikilizaji: imemchosha, imemkinaisha. Kukinai ni neno la tumboni, la mtu aliyekula wali ule ule mpaka hautaki tena. Wali wenyewe hauna kosa.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona zuri kupita kiasi. Tukitaka kusema rangi ni tupu, haikuchanganyika na chochote, tunatoa sauti. Nyeupe pe. Nyeusi ti. Nyekundu pyu. Jicho likiishiwa, mdomo unamalizia. Na sauti hizo nimezisikia kwa rangi tatu tu, zile zile ambazo lugha yetu ina vivumishi vyake vyenyewe: -eupe, -eusi, -ekundu. Nyingine tumezikopa kwenye vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, njano ni manjano ya mchuzi, samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Hudhurungi ilikuwa kitambaa: pamba ya rangi ya kahawia ambayo watu wa pwani waliishonea kanzu. Wakaizoea nguo ile mpaka jina likaruka kutoka kwenye uzi likatua kwenye rangi.

Hudhurungi ndiyo iliyoniamsha. Nikatazama tena vile vipande vitatu vya mganga, cheupe, cheusi na chekundu, nikakumbuka kwamba kila kimoja kilikuwa na jina lake sokoni, na majina hayo yalipanda njia moja kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika: merikani, kaniki, bendera. Basi nikaamua kuifuata njia hiyo.

Merikani kwanza. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja. Mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja. Alitoka Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, na hakukawia kupatana na Jairam Shivji, aliyekodi forodha ya Sultani, kwani bila mtu huyo hakuna marobota yaliyoshuka pwani kwa urahisi. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi, ile gundi ya miti ya kale iliyochimbwa ardhini huko Mrima, pwani ya bara, na kuyeyushwa kuwa vanishi. Zilicholeta, safari baada ya safari, ni kitambaa cha pamba.

Kilikuwa kitambaa kizito, kisichopaushwa, cha weupe wa nazi iliyokunwa jana. Nguvu yake ilikuwa katika uzi. Vitambaa vingine vilijazwa wanga vikaonekana vinene dukani, kisha vikafuliwa mara moja vikawa kama chandarua. Hiki kilifuliwa kikabaki kilivyo. Mwaka 1847 kiwanda cha mvuke cha Naumkeag kilianza kufuma huko huko Salem. Wafumaji wa Manchester walijaribu kuiga. Lakini mnunuzi wa Unguja na mnunuzi wa Unyamwezi walikisugua kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, wakajua.

Hawakukiita kwa rangi wala kwa uzito. Walikiita kwa nchi. Na nchi yenyewe ilipoingia vitani na nafsi yake, 1861 hadi 1865, pamba ikakatika, Waingereza na viwanda vya Bombay wakaziba pengo, lakini jina lilikataa kuondoka. Kitambaa kilichofumwa Uhindi kiliuzwa kwa jina la merikani, na hadi leo fundi wa cherehani mwenye umri wake akitaka kitambaa cha kutia ndani ya mto atakutuma ukalete marekani.

Pamba ya merikani ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa kaskazini, ikavuka bahari mbili, ikafungwa viunoni mwa watumwa wa Unguja. Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta, nikairudisha, nikaifuta tena. Naiacha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sijui kitambaa kingine kilichowagusa mkulima na mvaaji waliofanana hivyo pasipo mmoja kumjua mwenzake.

Nilivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, nikapanda basi kwenda Bagamoyo. Sikukaa sana. Mji ule umekwisha kuandikwa na wengi, na magofu yake yana watembezi wake. Nilitaka tu kusimama mahali ambapo hesabu ilifungwa. Mwanzoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akijiandaa kwenda kumtafuta mmisionari David Livingstone, aliulizia kwa mfanyabiashara Mwarabu aliyeijua bara: watu mia moja watakula nini mwaka mzima? Akajibiwa kwa nguo. Doti kumi kwa siku zinatosha. Basi kwa mwaka: doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi.

Hesabu hiyo naipenda kwa uaminifu wake. Jumla ni doti 3,650, kumi kwa kila siku ya mwaka. Mkono ulikuwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Zile 650 ndizo zilizokuwa na majina matamu: barsati iliyopendwa Unyamwezi, sahari iliyotakiwa Ugogo, ismaili, rehani, jamdani. Richard Burton, aliyepita njia hiyo miaka kumi na minne kabla, aliweka nyongeza nzima mwishoni mwa kitabu chake cha 1860 kueleza nguo na shanga, nani anataka ipi na wapi haitakiwi. Lakini katika kila doti kumi za Stanley, nane na ushei hazikuwa na ua wala mstari.

Kwa nini? Nilikuwa nimekwenda na jibu langu mfukoni: kwamba nguo ya rangi moja ni rahisi, basi maskini huchukua alichopewa. Pale Bagamoyo, nikiwa na kalamu na hesabu ile, nikaona kwamba jibu langu lilikuwa na kasoro. Nguo za rangi zilikuwa zawadi. Zilikwenda kwa watemi, kwa wake zao, kwenye hongo, yaani ushuru wa njia, ya Ugogo, na kila moja ilibidi impendeze mtu fulani mahali fulani. Merikani na kaniki zilinunua mtama, kuku, maji, kuni, siku baada ya siku, kwa watu wasiojuana na mwenye msafara. Zilikuwa fedha. Na fedha sharti ifanane. Tunaposema watoto wawili wamefanana kama shilingi kwa ya pili tunakiri jambo ambalo soko la bara lililijua kabla shilingi haijafika: kitu kinachopita mikononi mwa wengi hakiwezi kuwa na uso wake.

Nguo zilifungwa mitumba. Mtumba ulikuwa robota refu, mviringo, limekazwa mpaka limekuwa gumu kama gogo, la frasila mbili hivi, yaani ratili 70, begani mwa mpagazi mmoja. Neno lile limeishi maisha marefu. Leo mitumba ni nguo kuukuu zinazotoka ng'ambo, Marekani ikiwemo, nazo huja zimekazwa vile vile ndani ya belo. Tofauti ni kwamba ukilikata kamba belo la soko la Karume hutapata nguo mbili zilizo sawa.

Kutoka Dar es Salaam nilipanda treni ya reli ya kati. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, wakaifikisha Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa inafuata upande ule ule wa misafara. Burton na mwenzake Speke waliondoka pwani Juni 1857. Wakaingia Kaze, jirani na Tabora ya leo, mwezi Novemba. Ujiji wakaiona Februari 1858. Mimi nilihesabu saa.

Baada ya Dodoma nyika huanza kujirudia. Udongo ule, vichaka vile, mbuyu mmoja mbali, kisha tena udongo ule. Nikaandika katika daftari langu kwamba hakuna cha kuandika. Aliyekaa mbele yangu alikuwa mzee wa Kigogo, anarudi kwao Manyoni, na kwa muda mrefu alikuwa akisema peke yake, polepole, macho dirishani. Nilidhani anasali. Nilipotega sikio nikasikia anataja. Hapa palikuwa na kisima. Mgunga huu si kama ule wa nyuma, huu ng'ombe hawali maganda yake. Udongo umeanza kuwa mwekundu, mwaka huu hapa walipata mvua ya kwanza peke yake.

"Mama, huoni?" akaniuliza alipogundua namsikiliza. "Tazama chini, si mbali. Chini ndiko kunakobadilika."

Nikalifuta lile neno katika daftari.

Katika nchi hii hii misafara ilipita ikiimba. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa joho jekundu na ngozi ya mbega, na mkononi, au mkononi mwa anayemfuata, ilikuwapo bendera. Bendera ni neno la Kireno, nalo katika biashara lilikuwa pia jina la kitambaa chenyewe, pamba nyekundu iliyouzwa kwa mikono kama merikani. Bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu, bila nyota, bila mwezi, bila maandishi. Nyekundu pyu. Iliendelea hivyo mpaka uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963, ilipotiwa duara la kijani lenye karafuu mbili katikati. Na hiyo mpya ikapepea mwezi mmoja na siku mbili hadi Mapinduzi. Kwa zaidi ya karne moja, basi, kitambaa kisicho na alama yoyote kilitosha kumwambia mtu aliyesimama mlimani Usagara kwamba wanaokuja wametoka kwa nani.

Na wimbo? Kirangozi alitoa, wapagazi wakapokea. Mgeni aliyepanda punda alisikia kiitikio kile kile kutwa nzima. Aliyebeba ratili 70 alikuwa na haja tofauti na wimbo: kiitikio kilimwambia hatua iko wapi, mwenzake wa nyuma yuko wapi, na kama safu imekatika. Siku kiitikio kilipobadilika, palikuwa na jambo. Mimi nimekulia kwenye mji wa uvuvi na nimesikia watu wakivuta juya. Ukiwa umekaa mchangani ni haya-haya zile zile, ukiishika kamba unagundua kwamba kila haya ina uzito wake.

Tabora nilishuka asubuhi na kwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872. Nilikuwa na sababu yangu ya kufika hapo, nayo haikuwa ya wazungu wawili hao wakiwa hai.

Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake, Susi na Chuma wakiwa mbele, waliutia mwili chumvi wakaukausha juani, wakauzungushia kitambaa cha pamba, wakaulaza ndani ya gamba la mti, wakashonea turubai juu. Wakaubeba. Walifika Unyanyembe, ndiyo nchi hii ya Tabora, na kutoka tena salama, lakini mbele kidogo ya njia wakakuta wenyeji wameapa kwamba maiti haipiti katika nchi yao. Kurudi hawakutaka. Basi walitafuta mabua ya mtama, wakayafunga na kuyavika nguo mpaka yakawa na umbo la maiti, wakawapa baadhi ya wenzao wayachukue kurudi Unyanyembe kwa huzuni yote inayostahili, kana kwamba wamekubali kuzika. Njiani, giza lilipoingia, mabua yakatupwa. Na mwili wenyewe? Waliutoa katika gamba, wakaufunga upya kwa nguo, mviringo, umekazwa, mfano wa robota lolote la biashara. Daktari Livingstone alipita akiwa mtumba. Waliopanga safu kumzuia walimwona, wakamhesabu miongoni mwa mizigo. Februari 1874 alifika Bagamoyo.

Nilikaa kivulini pale Kwihara nikifikiria akili ya watu wale. Walikuwa wapagazi na watumishi, baadhi yao waliowahi kuuzwa na kukombolewa. Walijua kuliko mtu yeyote jinsi jicho linavyoteleza juu ya kitu kilichofanana na vingine. Lilikuwa limeteleza juu yao miaka yote. Wakaligeuza jambo hilo kuwa mlango.

Na nikafikiri pia juu ya sanda. Kwetu pwani mwanamume huzikwa katika vipande vitatu vyeupe, mwanamke vitano, mwenye majumba sawa na mwenye jembe. Bafta au merikani, mradi ni nyeupe na haina ua. Bibi yangu mzaa mama aliinunua yake mwenyewe miaka kumi kabla ya siku yake, akaiweka sandukuni pamoja na udi, na kila mwaka akiianika. Ndiyo nguo pekee ambayo hakuwahi kuilalamikia bei.

Ujiji niliifikia jioni. Ziwa lilikuwa limelala, na miembe, ile mirefu iliyosimama kama wazee wa baraza, ilikuwa imejaa kunguru. Hapa nguo zote nilizozitaja zilifika mwisho wa njia, baada ya zaidi ya kilomita 1,200, na hapa nyingine zilivuka maji kwenda Manyema. Zilirudi zikiwa pembe.

Pembe ya ndovu, ikitoka kwa mnyama, haina weupe pe. Ina umanjano, ina mishipa na mawimbi, na mtu wa kazi hiyo aliweza kusema imetoka nchi kavu au nchi ya mvua. Sehemu kubwa ya pembe za Unguja ziliishia katika miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, zikikatwa vipande vyembamba vya kubandika kwenye funguo za piano. Piano ina funguo nyeupe 52 na nyeusi 36. Mnunuzi alitaka hizo 52 zifanane, ufunguo wa kwanza na wa mwisho zisitofautiane hata kidogo. Kwa hiyo vipande vililazwa katika nyumba ndefu za vioo, chini ya jua, wiki baada ya wiki, vikigeuzwa, mpaka mawimbi yakapauka na umanjano ukaisha. Ndovu wa Manyema na ndovu wa Ugogo wakalala bega kwa bega katika kinanda kimoja na hakuna aliyeweza kuwatenganisha.

Nilipolijua jambo hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeketi kanisani, rafiki yangu anafanya mazoezi ya kwaya, na niliinuka nikatoka nje. Sikuweza kueleza wakati ule kwa nini. Leo naweza. Wanunuzi wa Unyamwezi walitaka merikani ifanane kwa sababu ilikuwa fedha yao, na waliijua kwa vidole. Huku kwenye vinanda kufanana kulitakiwa ili kusiwe na kumbukumbu kwamba kitu hiki kiliwahi kuwa na mwenyewe, kikatembea, kikabebwa begani na mtu aliyeimba.

Nikarudi Unguja, maana njia ya kaniki haikuishia Ujiji. Mwisho wake ulikuwa mashambani, kwenye mikarafuu.

Kaniki ilikuwa pamba nyembamba ya Uhindi iliyochovywa katika nili mpaka ikawa nyeusi. Haikuonesha uchafu, ndiyo sifa waliyoipenda waliowanunulia wengine. Katika Unguja ya karne ya 19 mtumwa alijulikana kwa mbali: mwanamke amejifunga kaniki au merikani chini ya makwapa, mabega nje, kichwa wazi, mwanamume shuka kiunoni, bila kofia. Ushungi, kilemba na viatu vilikuwa vya waungwana. Mwanahistoria Laura Fair ameandika vizuri jinsi nguo zilivyosema kisiwani kabla mtu hajafungua kinywa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Na kile ambacho wanawake walioachiwa walikimbilia kukinunua, hata kabla ya sufuria, kilikuwa ua. Kanga zilikuwa zimeanza miaka michache kabla, inasimuliwa kutokana na leso za vitambaa zilizoshonwa sita sita, na zikapata jina la ndege mwenye madoa. Doti ya kanga: moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Kichwa kikafunikwa.

Mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, alizaliwa mtoto wa kike. Baba yake asili yake Unyamwezi, mama Uzigua. Walimpa jina Mtumwa. Alifinyanga vyungu na mama yake akavitembeza mjini kuviuza, na sauti yake akinadi ilitangulia vyungu vyenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba kwa udi na fidla, akaitwa Siti. Siti binti Saad. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikauzwa pwani nzima. Waliomwonea kijicho walimtungia wimbo, na cha kumdhalilishia walichokipata kilikuwa kile kile: kwamba alitoka shamba amevaa kaniki. Akawajibu kwa wimbo. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad, na mimi niliusoma shuleni bila kujua kaniki ni kitu gani. Nilidhani ni tusi.

Nilimtafuta tena yule mzee wa Darajani kwa sababu kipande alichonikatia mara ya kwanza kilikuwa kifupi. Safari hii alichukua fimbo ya mita, lakini yule bibi, ambaye kumbe ni dada yake na hukaa pale kila siku, akamkatisha.

"Mpimie kwa mkono. Minane."

Akapima kwa mkono wake wa kizee, kiwiko hadi kidole, mara nane. Alipofika ya tano alianza kuhesabu kwa sauti, na bibi akaitika.

Nyumbani niliiloweka usiku kucha kama alivyoniagiza, kisha nikaifua. Beseni la kwanza lilitoka jeusi, sikuona mikono yangu ndani. La pili lilikuwa buluu iliyoiva. La tatu samawati, na la nne maji yalikuwa na rangi ya bahari ya Fumba wakati wa bamvua, pale maji yanapokuwa kimo cha goti. Nikaikamua nikaianika uani, mikono minane kamili, kutoka mlangoni hadi kwenye mpapai. Ilipokauka ilikuwa nyeusi ti.